Santuri za Kabatini na Kompyuta Isiyozisoma

Ni nyumba chache visiwani kwetu ambazo ukifungua kabati la sebuleni hutakuta rundo la santuri ndogo za kung'aa: nyingine zimo katika vifuko vyake, nyingine zimefungwa kwa mpira, na nyingine zimekaa uchi zikisuguana uso kwa uso. Hizo ndizo CD, VCD na DVD, ambazo kwa muda wa miaka 20 hivi zilikuwa daftari la maisha yetu. Humo mna harusi na maulidi, mahafali za skuli na mechi za mitaani, ngoma za vijijini na taarabu za kumbi za mjini. Na humo, jambo lililo zito kuliko yote, mna sauti na sura za wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Ukifungua makabati ya ofisi za Serikali utakuta hali ni ile ile, isipokuwa mahali pa harusi pana ripoti za wataalamu zenye CD iliyobandikwa ndani ya jalada la nyuma, pana ramani, pana picha za mikutano, na pana hotuba zilizorekodiwa ili zije kuandikwa, na hazijaandikwa hata leo.

Santuri zipo, lakini mashine za kuzisoma zinatuondokea. Kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa kompyuta mpakato ya MacBook Air, isiyo na tundu la santuri, mwaka 2008, na kufikia mwisho wa mwaka 2016 ilikuwa imekwisha kuacha kuuza kompyuta zenye tundu hilo. Wengine wamefuata njia hiyo hiyo. Kompyuta nyingi mpya zinazoingia madukani hazina tena ule mlango mdogo unaotoka na kurudi mfano wa mtoto wa meza. Deki za DVD nazo, zile zilizokuwa zikikaa chini ya televisheni, zinakufa moja moja, na fundi akiletewa humwambia mwenyewe kwamba jicho la kusomea limekwisha na kipuri hakipatikani. Basi mwananchi anayetaka kuyaona yaliyomo katika santuri zake hana budi kuitegemea kompyuta, na hapo ndipo linapozuka suala letu la leo: aweke programu gani ya kuchezea santuri, na aitumie vipi?

Neno santuri lenyewe ni la zamani. Wazee wetu walilitumia kwa zile sahani nyeusi za gramafoni, na Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, ni santuri hizo zilizoirudisha sauti yake Unguja na kuieneza pwani nzima. Santuri ile haikutaka mengi: ufunguo wa kujazia chombo, sindano, na pembe ya kutolea sauti. Hii ya sasa ni kitu kingine. Ina upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 1.2, na ndani yake hamna sauti wala picha bali tarakimu tupu, zilizoandikwa kwa alama ndogo mno ambazo jicho haliwezi kuziona, na husomwa kwa mwali wa leza. Kiendeshi cha santuri huzisoma tarakimu hizo, lakini hakizifahamu. Anayezifahamu ni programu. Hiyo ndiyo mkalimani. Kompyuta yenye kiendeshi kizima lakini isiyo na mkalimani huitazama DVD ya harusi kama vile mtu asiyejua kusoma anavyoutazama waraka.

Wengi hudhani kwamba Windows yenyewe inaijua kazi hii. Iliijua zamani. Katika Windows 7 ya mwaka 2009, toleo la Home Premium na yale yaliyo juu yake yaliweza kuonesha DVD bila ya msaada. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kampuni ya Microsoft iliuondoa uwezo huo, ikataja gharama za leseni na ikaeleza kwamba watu wengi siku hizi hutazama filamu zao kwa njia ya mtandao. Ilipokuja Windows 10 mwaka 2015, programu ya kuoneshea DVD ikawekwa sokoni peke yake kwa dola 14.99. Hoja ya mtandao huenda ina ukweli wake huko ilikotolewa. Lakini harusi iliyofanyika Wete mwaka 2006 haimo katika mtandao wowote. Imo katika santuri mbili au tatu, moja kwa bibi harusi, moja kwa mama yake, na ya tatu aliazimwa mtu ambaye hajairudisha.

Kwa maoni yetu, mtu wa nyumbani na afisa wa ofisini wasihangaike kutafuta mbali. Waweke VLC. Programu hii ilizaliwa mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha uhandisi cha École Centrale Paris, Ufaransa, waliotaka kutazama televisheni kupitia mtandao wa kompyuta wa mabweni yao. Mwezi wa Februari 2001 chuo kilikubali programu hiyo itolewe kwa leseni ya bure, ambayo inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuinakili, kumpa jirani, na hata kuifungua aone ilivyotengenezwa. Alama yake ni koni ya barabarani ya rangi ya machungwa na nyeupe, ambayo wasomaji wengi wamekwisha kuiona. Haina matangazo, haidai usajili, na ikishawekwa haihitaji mtandao ili ifanye kazi, jambo ambalo kwa mtu wa Makunduchi au Micheweni mwenye kifurushi cha kuhesabu si dogo.

Afisa mwenye hadhari anaweza kuuliza: kitu cha bure kinaaminika vipi katika kompyuta ya Serikali? Suali ni la haki. Jibu ni kwamba Kamisheni ya Ulaya, inayoitumia VLC katika ofisi zake, ilitoa fedha za kuwazawadia wataalamu watakaogundua kasoro za usalama ndani yake, na toleo la 3.0.7 la mwaka 2019 likatoka likiwa na marekebisho mengi yaliyotokana na kazi hiyo. Lakini marekebisho hayo hayamfikii mtu ambaye aliweka programu miaka 10 iliyopita na hakuigusa tena. Programu kongwe ibadilishwe kwa toleo jipya, na kazi hiyo ni ya dakika chache.

Programu nyingine zipo, na baadhi yake ni nzuri. Kampuni ya CyberLink ya Taiwan hutengeneza PowerDVD, ambayo huuzwa. Huyo ni wa kufikiriwa na mtu mwenye santuri za Blu-ray zilizonunuliwa dukani, kwani hizo VLC hupata taabu nazo. Kwa kompyuta kongwe yenye kumbukumbu ndogo, kama zile ambazo bado zinatumika katika ofisi nyingi, kuna MPC-HC, programu nyepesi ya bure; waanzilishi wake waliacha kuiendeleza mwaka 2017, lakini wengine wameipokea na bado inatolewa. Ama kompyuta za Apple, zenyewe zinakuja na programu ya DVD, na kinachokosekana ni kiendeshi tu.

Hatari iliyo kubwa haimo katika kuchagua kati ya hizi. Imo katika kuipata isiyokuwa yenyewe. Anayeandika jina la VLC katika mtandao na kubonyeza chochote kitakachotokea mbele anaweza kuletewa programu yenye jina na koni ile ile, ila ndani yake mmefungwa mambo mengine: matangazo yasiyokoma, ukurasa wa mwanzo uliobadilishwa, au kirusi. Anuani ya wenyewe ni videolan.org. Atakayeipakua hapo mara moja anaweza kuiweka katika flashi na kuwagawia wenziwe mtaa mzima, na leseni inaruhusu.

Wala isidhaniwe kwamba hadhari hii ni kwa vitu vya mitaani peke yake. Mwaka 2005 kampuni kubwa ya muziki ya Sony BMG iliuza CD ambazo, zikitiwa katika kompyuta ya Windows, zilimtaka msikilizaji akubali programu ya kuzichezea iliyomo ndani ya santuri. Programu hiyo iliingiza vitu vilivyojificha ndani kabisa ya kompyuta, visivyoonekana kwa njia za kawaida, kwa kisingizio cha kuzuia kunakili. Mtaalamu Mark Russinovich aliyafichua hayo mwezi wa Oktoba mwaka huo, na kabla ya mwisho wa Novemba kampuni ilikuwa imelazimika kuzikusanya CD zake kutoka madukani. Kwa hiyo santuri ikikwambia uweke programu yake ndipo uisikilize, kataa, na ufungue kwa programu uliyoichagua mwenyewe.

Tuje sasa kwenye matumizi. Kwanza isafishwe santuri, kwa kitambaa laini kisicho na vumbi, na mkono uende kutoka katikati kuelekea ukingoni, usizungushe. Mikwaruzo ya upande wa chini mara nyingi inavumilika. Katika CD, mkwaruzo wa upande wa juu, penye maandishi, ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu tabaka lenye tarakimu limekaa huko huko chini ya rangi. Ukiinua CD kuelekea kwenye taa ukaona vitundu vya mwanga, elewa kwamba hapo pamekwisha kupotea kitu.

Ukishaitia santuri, fungua VLC, kisha bonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na D. Dirisha litatokea likikuuliza ni santuri ya aina gani: DVD, Blu-ray, CD ya sauti au VCD. Chagua, halafu uanze. Pana kisanduku kidogo kinachoruka menyu ya DVD, na watu wengi hawakijui. DVD nyingi za harusi zilitiwa menyu za mapambo, yenye mawaridi yanayozunguka, na sehemu hiyo ikiwa imeharibika santuri nzima hukwama hapo hapo. Ukikitia alama kisanduku hicho, programu huenda moja kwa moja kwenye picha, na harusi uliyodhani imekufa inaweza kufufuka.

Picha zilizochukuliwa kwa kamera za mikono za miaka ile huonesha mistari kama meno ya chanuo kila mtu anapotembea. Si ubovu wa santuri. Bonyeza herufi D peke yake, na mistari itatulia. Midomo ikitangulia sauti au ikichelewa, herufi J na K husogeza sauti mbele na nyuma mpaka vipatane. Makatibu wanaoandika hotuba au mashauri kutoka katika santuri watapenda kujua kwamba kitufe cha mabano ya mraba ya kufungua hupunguza mwendo wa maneno, na cha kufunga huuongeza, bila ya kuigeuza sauti ya msemaji ikawa ya mtoto au ya jini. Ctrl pamoja na T humpeleka mtu kwenye dakika anayoitaka. Kazi ya siku tatu inaweza kumalizika kwa moja na nusu.

Kuna tatizo moja linalotuhusu sisi wa visiwani kuliko wengi, nalo ni la maeneo. Watengenezaji wa DVD za filamu waliigawa dunia katika maeneo 6 ya biashara. Tanzania imo katika eneo la 5, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi. Omani na nchi za Ghuba zimo katika eneo la 2 pamoja na Ulaya. Marekani na Kanada ni eneo la 1. Kwa hivyo mtu mwenye ndugu Muscat, Dubai au London hupelekewa zawadi ya DVD halali iliyonunuliwa dukani, akaitia katika mashine yake, na mashine ikaikataa. Kompyuta inaweza kumwambia kwamba abadilishe eneo la kiendeshi. Asikimbilie kukubali, kwani kiendeshi huruhusu mabadiliko 5 tu, na baada ya hapo hufungwa katika eneo la mwisho. VLC mara nyingi huisoma santuri ya namna hiyo bila ya kubadilisha chochote, ingawa vipo viendeshi vikaidi vinavyokataa hata hivyo. Santuri zilizorekodiwa majumbani, kwa bahati njema, hazina eneo.

Lakini kutazama ni nusu ya kazi. Santuri nyingi tulizo nazo hazikutoka kiwandani. Ziliandikwa na mpiga picha wa mtaani kwa kompyuta yake. Za kiwandani hugongwa alama zake kama muhuri. Hizi za kuandikwa alama zake zimo katika tabaka la rangi ya kikemikali lililochomwa kwa leza, na rangi hiyo hufifia kwa joto, kwa mwanga na kwa unyevunyevu. Msomaji hahitaji kuambiwa ni wapi duniani penye joto na unyevunyevu vya kutosha.

Hivyo inampasa mwenye santuri kuyahamisha yaliyomo maadamu bado yanasomeka. DVD ya nyumbani haina kufuli. Ndani yake utaona folda iitwayo VIDEO_TS. Inakili folda hiyo nzima katika diski ngumu, na siku ukitaka kuitazama iburute kwa kipanya uiangushe juu ya dirisha la VLC. VCD ina folda iitwayo MPEGAV yenye faili la aina ya DAT. Nalo linanakilika, na VLC hulifungua. CD ya sauti ndiyo yenye mtego. Ukiifungua katika Windows utaona mafaili ya aina ya CDA, moja kwa kila wimbo, na wengi wameyanakili katika flashi wakafurahi, kisha wakaitupa CD. Kila faili moja la namna hiyo lina baiti 44 tu. Ni kibao cha kuonesha njia, wala si wimbo. Muziki wenyewe umebaki katika santuri. Njia iliyo sahihi ni kutumia programu ya muziki ya Windows yenyewe, ambayo kwa CD za sauti bado ina uwezo wa kuzigeuza nyimbo kuwa mafaili kamili, au kubonyeza Ctrl pamoja na R katika VLC na kuchagua santuri, wimbo kwa wimbo.

Diski ngumu moja ya terabaiti 1 huchukua DVD za kawaida zipatazo 200, kwani kila moja haizidi gigabaiti 4.7. Familia nzima, pamoja na shangazi na wajomba, inaweza kuweka kumbukumbu zake zote humo na nafasi ikabaki. Ila diski moja nayo huanguka, huibiwa, huliwa na maji. Nakala ziwe mbili, na ikiwezekana moja ikae Unguja na nyingine Pemba.

Kwa upande wa Serikali, tungependa kuona hatua tatu, na hakuna hata moja inayohitaji mfadhili. Kila Wizara inunue kiendeshi cha nje, kile kinachochomekwa kwa waya wa USB na kupata umeme wake kwenye kompyuta hiyo hiyo. Ateuliwe mtu mmoja kwa jina, si kamati, wa kuzitoa santuri makabatini, kuziorodhesha na kuzihamisha. Na nakala za yale yenye thamani ya kudumu zipelekwe Nyaraka za Taifa Kilimani, ambako karatasi za zama za masultani zimehifadhiwa vizuri kuliko hotuba zetu za miaka ya 2000. Anayedhani tunatia chumvi na aombe leo kusikilizishwa CD yoyote iliyobandikwa katika ripoti ya mwaka 2003, ahesabu ni ofisi ngapi atazunguka kabla ya kukuta kompyuta yenye tundu la kuitilia.

Neno moja kwa wenye maduka ya kunakili. Harusi ya mtu ni mali yake, na anaweza kuihamisha atakavyo. Taarabu ya kikundi ni mali ya kikundi. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003 ipo, na COSOZA ipo. Kuihifadhi santuri uliyoinunua isikuharibikie si sawa na kuijaza katika flashi 100 na kuziuza Darajani.

Anayetaka kuanza kesho asianze na filamu za Kihindi, hata kama ndizo zilizo juu ya rundo. Hizo nyingi ni za kiwandani, na nakala zake zipo kwingine. Aanze na zile zilizoandikwa jina kwa kalamu ya wino, na katika hizo atangulize ambazo upande wa chini umeanza kupauka, kisha za wazee, kisha za watoto. Na ile aliyoazimwa jirani aende akaiombe wiki hii.